Nukta Nyekundu

Juzi nilikuwa Segera, nyumbani kwa mama, kompyuta ikiwa juu ya meza anayopangia machungwa. Mabasi ya Arusha na ya Tanga yanaachana hapa njia panda, na wachuuzi huyakimbilia madirishani. Mimi nilikuwa nahangaika na kiumbe asiyeonekana bila hadubini.

Ni radiolaria, planktoni wa seli moja anayejijengea kiunzi cha silika, malighafi ya kioo. Nilimpata kwenye sampuli ya tasnifu yangu ya uzamili, kutoka bahari iliyo kati ya Tanga na Pemba.

Anafanana na Didymocyrtis tetrathalamus, ambaye ana umbo la ganda la karanga lenye punje mbili, mara nyingi na kofia kwenye ncha. Ernst Haeckel alimpa jina mwaka 1887, katika ripoti ya safari ya meli ya Challenger ya 1872 hadi 1876, ripoti iliyoeleza zaidi ya spishi 3,000 mpya. Huyu anaishi katika maji ya joto ya Pasifiki, Atlantiki na Hindi. Kumkuta kwetu si ajabu.

Wangu hana kofia, na upande mmoja umevunjika. Kwa wiki mbili nilimwita spishi nyingine, ambayo sijawahi kuona ikitajwa pwani yetu. Nikamwekea nukta nyekundu kwenye ramani. Sura nzima ya mjadala niliijenga juu ya nukta hiyo.

Lakini nilijua. Huenda hajakomaa. Huenda kofia zimevunjika, au silika imeyeyuka majini. Majina mengi ya Haeckel mwenyewe yaliunganishwa baadaye, kwa kuwa viumbe aliowatenganisha walikuwa spishi moja. Isitoshe, wanasayansi hutumia viunzi hivi kwenye matope ya bahari kukadiria joto la bahari za kale. Nukta ya uongo haibaki kwangu tu.

Basi likasimama. Abiria akauliza, "Mama, haya ni ya Muheza?"

"Ya hapahapa Handeni, baba. Onja."

Abiria akafunga dirisha.

"Mama, si ungeitikia tu? Yule harudi."

"Yeye harudi, mwanangu. Mimi kesho nipo hapa."

Sikuwa na la kujibu. Ada yangu imetoka kwenye matenga hayo, ikiwemo ile ya wateja waliofunga madirisha.

Usiku nilifuta jina. Nikaandika Didymocyrtis sp., yaani jenasi naijua, spishi sijaithibitisha. Nukta nyekundu ikaondoka, na kurasa kumi na moja nyuma yake. Msimamizi wangu anazisubiri Jumatatu, na sina pesa ya kukodi boti nikachukue sampuli nyingine.

Nilipomweleza mama, aliniuliza kama ndio nimefeli. Nikamwambia bado sijui. Akanimenyea chungwa. Lilikuwa chachu kidogo.