Kapilari mbili na mguu wa mdogo wangu

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, na sababu yake ndiyo makala ya leo. Leo hakuna PHP wala Linux. Leo ni mguu.

Mdogo wangu alianguka na pikipiki, akavunjika muundi. Daktari alimfunga chuma na skrubu ndani ya mguu, na palipobaki pengo akajaza chembechembe za kauri zenye vitundu. Kabla ya upasuaji alituonyesha chembe moja. Aliigusisha na tone la maji, tone likapotea papo hapo.

Hilo tone lilinidanganya. Wiki ya nne mdogo wangu akaniuliza, "Kaka, si pengo limeshajaa? Naweza kuukanyaga?" Nikamjibu kwa ujuaji wote wa mtu wa kompyuta: limejaa, kanyaga. Usiku huo hakulala kwa maumivu, na eksirei ikaonyesha skrubu moja imepinda. Akarudi kupasuliwa. Kosa ni langu, si lake.

Basi nikakaa chini nikasoma, na jambo la kwanza lililonichanganya ni neno lenyewe. Kapilari ni neno la Kilatini, asili yake ni unywele, na linatumika kwa vitu viwili tofauti.

Ya kwanza ni ile ya utambi wa koroboi. Chovya ncha ya mkate kwenye chai uone chai inavyopanda yenyewe. Kioevu kinapopenda ukuta wa tundu jembamba, huvutwa ndani. Mrija wa kioo wenye upana wa milimita 1 huinua maji kama sentimita 3. Wa milimita 0.1 huinua kama sentimita 30. Mwaka 1921 Edward Washburn alichapisha hesabu ya mwendo wake: ukitaka kioevu kipenye umbali mara mbili, subiri muda mara nne.

Viwanda vinaitumia sana nguvu hii. Unga wa chuma hushindiliwa na kuchomwa hadi uwe kama sifongo, kisha shaba iliyoyeyuka kwa nyuzi 1085 za Selsiasi hunyonywa ndani bila kusukumwa. Kwenye bodi za kompyuta pia, gundi humiminwa kando ya chipu ikatambaa yenyewe chini yake, ikikumbatia vitone vya lehemu visije vikapasuka kwa joto.

Ya pili ni kapilari ya damu, ule mshipa mdogo kuliko yote mwilini. Seli zetu nyingi huishi ndani ya maikromita 100 hadi 200 kutoka kwenye mshipa kama huo, yaani upana wa unywele mmoja au miwili. Mbali zaidi ya hapo oksijeni haitoshi. Kwa hiyo damu kulowesha kauri ni jambo la sekunde, lakini seli za mfupa haziwezi kuishi katikati ya kauri mpaka mishipa yenyewe iote na kuingia. Seli zilizokosa oksijeni hutoa ishara ya kemikali, mishipa ya jirani ikachipua kuzifuata, kwa mwendo wa sehemu ndogo tu ya milimita kwa siku.

Na hapa ndipo wahandisi wa tishu wanapoumiza kichwa. Tundu jembamba hunyonya kwa nguvu zaidi, lakini mshipa unataka njia pana. Kwa mfupa wengi hupendekeza vitundu vilivyoungana, vya zaidi ya maikromita 300. Ukivipanua mno, kauri inakuwa dhaifu.

Mimi nilikuwa nimeona kapilari ya kwanza nikadhani nimeona ya pili. Sisi watengenezaji wa programu tungepaswa kulijua hili kuliko wote. Kunakili mafaili kwenye seva si sawa na mfumo kufanya kazi, na nimeshawahi kumwambia mteja "tayari" wakati mafaili ndiyo kwanza yamefika.

Mdogo wangu bado yuko kwenye magongo. Jana alikunywa chai, akachovya mkate, akanitazama. "Kaka, nikanyage?"

Nikamwambia amwulize daktari.

Haya, tuonane wiki ijayo. Tutarudi kwenye Linux.