Usiku wa Baridi Kule Kabare, na Kinyonga wa Watoto

Ukitoka Uvira kwenda Kabare baridi haingoji ufike, inakupokea njiani. Tulipanda gari alfajiri, wamama saba na watoto wanne, pamoja na mifuko miwili ya ndagala ya kuwapelekea wenzetu wa kikundi cha Miti. Kwenye bonde la Ruzizi, kule Sange na Luvungi, tulikuwa tunajipepea kwa pembe za vitenge. Baada ya Kamanyola gari likaanza kupanda mlima wa Ngomo, mahali ambapo bonde linabaki chini kabisa ya barabara, na hata waliopenda kuongea wakanyamaza. Tulipofika Nyangezi kila mmoja alikuwa anatafuta sweta.

Sababu yake ni rahisi. Uvira iko kando ya ziwa Tanganyika, kwenye mita 770 hivi juu ya bahari. Ziwa Kivu liko kwenye mita 1,460, na Miti iko juu zaidi ya hapo. Kila ukipanda mita 1,000, joto linapungua karibu nyuzi 6. Tena ilikuwa mwezi wa saba, wakati wa kiangazi, ambapo usiku mbingu haina mawingu na joto la mchana linapotea upesi.

Nchi ya kule ni nzuri. Kuna mashamba ya chai na miti ya kinkina, ule ambao ganda lake linatoa kinini. Mbele yako unaona mlima Kahuzi, wenye mita 3,308, na msitu wa hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1970. Watu wanatoka mbali kuja kuona sokwe wakubwa wa pale. Sisi mkaaji aliyetushangaza tulimkuta kwenye nyumba ya wenyeji wetu, ndani ya kikapu: kinyonga dume wa pembe tatu, rangi ya majani mabichi, ambaye watoto walimtoa kwenye ua wa nyumba.

Wengi wetu tulirudi nyuma. Tumelelewa tukiambiwa kwamba kinyonga ana mkosi, na watoto wengi bado wanampiga mawe. Lakini hana sumu, na chakula chake ni nzi, panzi na wadudu wengine. Mwenye shamba la maharagi angepaswa kumshukuru.

Jioni baridi ilipozidi, mtoto wa miaka minane hivi alibeba kikapu akakisogeza karibu na mbabula, ndani ya chumba wanacholala watoto watano. Akataka kufunga mlango na dirisha ili mnyama wake asigandishwe. Mama mwenye nyumba akamwambia, “Mwanangu, toa mbabula nje kwanza, kinyonga tutamwongelea baadaye.”

Alisema vizuri, na hilo ndilo tunataka kila mama alishike. Makala yanayowaka kwenye chumba kilichofungwa yanatoa hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu. Inaingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya hewa safi. Mtu anaumwa kichwa, anasikia kichefuchefu, miguu inalegea, usingizi mzito unamshika, na anaweza kufa bila kuamka. Moshi ukiisha, usidhani hatari imeisha: makala mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayodanganya watu. Ukikuta mtu katika hali hiyo, fungua milango, mtoe nje, mpeleke kituo cha afya haraka. Mbabula isilale ndani, iwe kwa ajili ya mtoto mchanga, ya kifaranga au ya kinyonga.

Na huyo kinyonga hakuihitaji. Mwili wake hautengenezi joto kama wetu, unapoa pamoja na hewa. Usiku anapauka, anashika ncha ya tawi na kulala. Asubuhi anageuza ubavu kuelekea jua na kujifanya mweusi ili avute joto, halafu ndipo anaanza kuwinda. Kinyonga wa milimani amezoea usiku wa nyuzi 14 na hata chini ya hapo. Joto kali ndilo linalomwangusha. Ndugu yake wa nchi za chini, mwenye mikunjo ya ngozi nyuma ya kichwa, anapenda joto zaidi, lakini naye anahitaji usiku upoe kuliko mchana.

Kama watoto wanamtunza kinyonga kwa siku chache, wenyeji wetu wanafanya hivi. Wanamweka katika kizimba cha wavu au chandarua kilichochakaa, chenye matawi ndani, si katika chupa wala ndoo, kwa sababu anahitaji hewa. Kizimba kinakaa juu ya meza, na miguu ya meza inasimama ndani ya makopo ya maji, maana siafu wakija usiku hawamwachi mzima. Paka na kuku wanakaa mbali. Usiku pande tatu zinafunikwa kwa kitenge kikuukuu ili upepo usipite, na upande wa nne unabaki wazi. Hakuna taa juu yake, kwa sababu mwanga unamnyima usingizi na balbu inaunguza ngozi. Asubuhi wanamtoa kwenye jua, nusu ya kizimba ikiwa kivulini ili achague mwenyewe, na wananyunyiza maji kwenye majani, kwani yeye hunywa matone. Wadudu anapewa akishapata jua, si jioni: tumbo lililopoa halisagi chakula, kinaozea ndani. Wala hawawekwi wawili pamoja, watapigana.

Kesho yake binti mmoja wa msafara wetu akaomba, “Mama, tumpeleke Uvira, kule hakuna baridi.” Alisema hivyo kwa huruma, na tulikaa naye kumweleza. Joto la mchana la Uvira lingemuua kinyonga huyu kabla ya majuma mengi kupita. Na magari mengine yanapitia Rwanda. Kumvusha mnyama huyu mpaka bila kibali ni kosa, kwa sababu vinyonga hawa wamo katika mkataba wa Washington wa mwaka 1973 unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya pori. Binti alilia kidogo. Halafu yeye na yule mtoto wa nyumba wakampeleka pamoja kwenye ua alikotoka, wakamshikisha tawi, wakasimama wakimwangalia anavyopanda hatua kwa hatua mpaka majani yakamficha.

Wamama, mtoto anayeuliza kama mnyama mdogo anasikia baridi ana moyo mzuri. Tusimkemee wala tusimtishe kwa habari za mkosi. Tumfundishe kwamba kupenda kiumbe ni kwanza kujua kinaishi namna gani. Na jioni ya leo, kabla ya kufunga mlango, hebu kila mmoja wetu aangalie mbabula yake iko wapi.