Viza Mbili, Mgonjwa Mmoja

Barua ya hospitali ilitangulia kila kitu. Ilitoka Mumbai, ukurasa mmoja wenye nembo juu na muhuri chini, ikitaja jina la mjomba wangu kama lilivyo kwenye pasipoti, ugonjwa wake wa moyo, daktari atakayempokea na makadirio ya muda wa matibabu. Viza ya matibabu ya India haiombwi bila barua ya namna hiyo. Wakala mmoja wa Kariakoo alitushauri tuachane nayo, tuchukue viza ya utalii kwa kuwa "haina maneno mengi." Nilimshukuru, tukaondoka. Mtu anayekwenda kupasuliwa kifua akamwambie ofisa wa uhamiaji kuwa amekuja kutazama Taj Mahal?

Pasipoti ya mjomba ilikuwa imebakiza miezi michache, na India wanataka iwe hai kwa miezi sita tangu siku ya kuwasili, yenye kurasa mbili tupu. Tukaenda Kurasini, tukalipa shilingi 150,000, akapata mpya.

Fomu tuliijazia steshenari, Temeke. Nilidhani ni kazi ya nusu saa. Wanauliza dini, elimu, walikozaliwa baba na mama, nchi ulizotembelea katika miaka 10 iliyopita, na kama wazazi wako au babu na bibi zako walikuwa raia wa Pakistan. Kisha wanauliza alama inayoonekana mwilini.

"Mjomba, una alama gani?"

Akakunja mkono wa shati. "Andika kovu la tezo."

Maisha yake yote ameunda majahazi, na tezo ndiyo chombo chake cha kuchongea mbao. Kijana wa steshenari hakujua tezo ni nini, tukaandika kovu tu. Picha nayo iwe mraba, nyuma peupe, bila fremu. Nakala ya pasipoti isizidi kilobaiti 300. Kijana aliipunguza, ikagoma, akaipunguza tena mpaka ikapita. Manahodha waliokwenda Bombay kwa pepo za msimu hawakuulizwa kilobaiti.

Fomu yangu ilisubiri ya mjomba, kwa sababu viza ya muuguzaji haisimami peke yake. Inaning'inia kwenye ya mgonjwa: lazima uandike namba ya maombi yake, na mgonjwa mmoja haruhusiwi wauguzaji zaidi ya wawili. Nyumbani walishajitokeza watatu wa kumsindikiza, na kikao cha familia kilikuwa kimeanza kupandisha sauti. Sheria ikasema wawili, nauli ikasema mmoja, nikabaki mimi.

Majibu yalikuja kwa baruapepe, tukayachapa. Hapo wengi huchanganya tarehe. Ile iliyoandikwa kwenye karatasi ni ya mwisho wa kuingia. Muda wa kukaa ni siku 60 zinazohesabiwa tangu siku unayoingia mara ya kwanza, na ndani yake unaweza kuingia mara tatu. Nilimweleza mjomba, akanijibu kwamba yeye anataka kuingia mara moja na kutoka mara moja, akiwa mzima.

Kilichonikosesha usingizi ni kadi ya njano. India ina orodha ya nchi zenye hatari ya homa ya manjano, anayefika kutoka huko bila cheti anaweza kuwekwa karantini hadi siku sita, nasi hatukutaka kubahatisha. Yangu ilikuwa mpya, nami nilijua kwamba chanjo huhesabika kuanzia siku ya kumi. Mjomba alikuwa na kadi ya tangu enzi za safari zake za Comoro, yenye tarehe ya kuisha iliyopita zamani. Tangu Julai 2016 Shirika la Afya Duniani limefanya chanjo hiyo iwe ya maisha, hata kwa kadi zilizotolewa kabla. Muuguzi wa kituo cha chanjo alinithibitishia, akaongeza kuwa mtu aliyevuka miaka 60 hachanjwi chanjo hii ovyo. Lakini je, mtu wa Mumbai naye anajua?

Alijua. Dawati la afya la uwanja wa ndege liko kabla ya uhamiaji. Mhudumu aliigeuza kadi, akaona mwaka, akagonga meza kwa kalamu kidogo, akasema kwa Kiingereza, "Ya maisha," akatupitisha.

Fomu ya kuwasili tuliijaza mtandaoni tukiwa bado Dar. Tangu Oktoba 2025 inajazwa huko, bure, ndani ya saa 72 kabla ya kufika. Kwenye dirisha la viza za mtandao wanachukua alama za vidole. Vya mjomba vimelika kwa mbao na msasa, mashine ikamkataa mara kadhaa. Ofisa akampa kitambaa chenye unyevu, akamwambia abonyeze taratibu, na mashine ikakubali.

Halafu fedha. Wagonjwa wengi wa kwetu hubeba dola taslimu, na India inataka utangaze noti za kigeni zikizidi dola 5,000. Mjomba alitaka zake zibaki kibindoni. "Mjomba, hizi ni za moyo wako, tuzioneshe," nikamwambia. Tukaingia mlango mwekundu wa forodha wenyewe, tukapewa fomu yenye muhuri. Fomu hiyo ndiyo inayokuruhusu kutoka na salio bila maswali.

Kwenye nyumba ya wageni karibu na hospitali, kabla hata ya kunipa ufunguo, walitoa nakala ya pasipoti na viza yangu. Mwenye nyumba anatakiwa kuiarifu serikali kuhusu mgeni ndani ya saa 24, kwa fomu ambayo wengi bado wanaiita Fomu C. Mjomba alijaziwa ya kwake hospitalini. Mwombe mwenye nyumba nakala yako: sukari ya mjomba ilipopanda, upasuaji ukasogezwa mbele, na siku 60 zikaonekana hazitatosha, karatasi hiyo ndiyo niliyoulizwa. Maombi ya kuongeza muda yanakwenda kwa mtandao wa FRRO, ofisi inayosajili wageni, kabla viza haijaisha: pasipoti, viza, picha, Fomu C, na barua mpya ya daktari. Yangu niliyapeleka peke yake, nikiambatisha ya mjomba. Ya mjomba yakajibiwa kwanza, na mpaka yangu yalipojibiwa nilishinda nikifungua simu.

Alipasuliwa, akapona, tukarudi. Daktari amempangia kliniki ya marudio mwakani. Zile mara tatu za kuingia ziliisha pamoja na muda wa viza, kwa hiyo tutaomba upya wote wawili. Fomu inauliza namba ya viza ya zamani. Mjomba ameziandika zote mbili, yake na yangu, kwenye daftari lake la hesabu za mbao.