Ekari mbili za baba ng'ambo ya Kilombero

Ukitoka Ifakara kwenda Mahenge unavuka Mto Kilombero kwa Daraja la Magufuli. Zamani tulivuka kwa pantoni. Ng'ambo ile ndiko baba alikotuachia ekari mbili za mpunga, bila wosia.

Matanga yalipoisha, baba mdogo alitaka tugawane palepale, na mnunuzi alishampata. Mama akasema, “Twende mahakamani kwanza.” Kikao cha ukoo kikampendekeza yeye awe msimamizi wa mirathi. Muhtasari ukawa tayari, tukakwama kwenye cheti cha kifo. Mimi ninayeandika habari za afya nilidhani kibali cha mazishi tulichopewa hospitalini ndicho cheti chenyewe. Sicho. Cheti hutolewa na RITA, kifuatilieni mapema.

Mahakama ya Mwanzo ilibandika tangazo, tukasubiri pingamizi. Baba mdogo hakuweka. Mama alipoteuliwa, akapewa miezi minne awasilishe orodha ya mali na madeni, kisha atoe hesabu za mgawanyo, maana msimamizi si mwenye mali.

Msimu huu daftari lake limejaa: trekta, mbegu, magunia, hata nauli ya bodaboda ya baba mdogo, aliyekuja kuvuna nasi.