Kabla Viwanja Havijaisha Tunduma

Jumapili, Old Course hapachezwi gofu, labda kuwe na mashindano makubwa. Siku hiyo uwanja huu mashuhuri wa St Andrews, Uskoti, ni wa watu wote: wazee wananyoosha miguu, watoto wanakimbizana, mbwa wanafunguliwa kamba. Hata siku za mchezo, njia ya umma iitwayo Granny Clark's Wynd inakatiza shimo la kwanza na la 18. Anayetaka kupiga mpira humsubiri mama mwenye kigari cha mtoto apite kwanza.

Haki hiyo imepiganiwa. Mwaka 1552 Askofu Mkuu John Hamilton aliwatambulia wananchi kwa hati haki ya kucheza hapo. Mwaka 1797 halmashauri ya mji, ikiwa imefilisika, ikaiuza ardhi. Wafuga sungura wakaingia, wananchi wakakimbilia mahakamani. Mji uliinunua tena mwaka 1894, na tangu 1974 inasimamiwa na bodi ya udhamini iliyoundwa kwa sheria ya Bunge.

Kwetu Tunduma, mji wa Tanzania mpakani na Zambia, kunanipa nisichokipata huku Uskoti ninakoishi. Kutoka stendi hadi nyumbani nasalimiwa na kila mlango, na nikifiwa, majirani wanafika kabla sijawaita. Huku naweza kuvuka uwanja mzima nikaambulia kutikisiwa kichwa tu. Lakini Tunduma imebanwa: mpaka wa Nakonde, barabara kuu, reli ya TAZARA, na malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia na Kongo. Vijana wanacheza chandimu kwenye upenyo kati ya tela na ukuta. Mpira ukiingia uvunguni mwa lori, mmoja hulala kifudifudi kuuchokoa kwa fimbo, huku wenzake wakimchungulia dereva asije akawasha injini.

Gofu inaweza kusubiri. Eneo la wazi haliwezi, kwa sababu likishajengwa, kulirudisha ni kesi na fidia. Vijiji vya wilaya jirani za Mbozi na Momba bado vina nafasi, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaupa mkutano mkuu wa kijiji uwezo wa kuidhinisha ardhi ya matumizi ya pamoja. Kiwanja cha mpira kinachotambuliwa kwa mazoea tu ni rahisi kumegwa.

Hapo ndipo sisi wa ughaibuni tunapohusika, maana hela nyingi tunazotuma zinaishia kwenye ardhi. Tusilipie kiwanja kabla ya kuona mchoro wa mipango miji na kujua eneo lile lilitengwa kwa ajili ya nini. La watoto tusilinunue, hata kwa bei ya kutupa. Na yale makundi ya WhatsApp tunayochangishana misiba na harusi yachangie pia upimaji: muhtasari wa mkutano uliosainiwa, ramani, na bikoni kwenye kila kona ya uwanja wa kijiji. Tuanze na kijiji kimoja, mwaka huu.