Picha ya Kuomba na Picha ya Kupigwa

Ukizitazama picha za studio zilizopigwa Mombasa na Unguja miaka ya 1950 na 1960, utaona kwamba mikono imepewa kazi kubwa kuliko nyuso. Mkono mmoja umeletwa mbele, umewekwa juu ya goti au begani kwa mwenzake, na saa imegeuzwa ielekee kwenye kamera. Wengine wameshika maua, wengine kitabu kilichofunguliwa ukurasa wa katikati. Nyuma yao pana pazia lililochorwa ngazi za jumba au bustani ambayo haikuwahi kuwapo mtaa wowote wa Mombasa.

Niliyokuwa nikiipenda kuliko zote ni ya shangazi yangu, ameketi kando ya meza ndogo, kiganja kimetulia juu ya redio. Kwa miaka mingi sikuwa na shaka kwamba redio ile ni yake. Nilimjengea maisha mazima kutokana na kitu kimoja: sebule yenye viti vya mto, majirani wanaokuja jioni kusikiliza Sauti ya Mvita, mume aliyeleta redio ile kutoka safari. Siku nilipomuuliza, alishangaa kwamba sikujua. Redio ilikuwa ya studio. Saa pia ilikuwa ya studio, na kila aliyeingia siku ile aliivaa kisha akaivua. Akaniambia, bila haya yoyote, "Mwanangu, nilivyo walikuwa wananijua. Sikwenda kule kupigwa nilivyo. Nilikwenda kupigwa nitakavyo."

Sikulipokea jibu lile vizuri. Nilirudi kwenye albamu nikiwa na moyo mgumu, nikaanza kuwatilia shaka wote, hata babu aliyesimama peke yake na fimbo. Ilinichukua muda kuona kwamba shangazi hakuwa amenificha kitu. Picha ilinieleza jambo la kweli kabisa kumhusu, ila halikuwa jambo nililokuwa nikilitafuta. Ilinionyesha alikotaka kufika. Nani mwingine angeweza kunihifadhia tamaa ya msichana wa umri ule, kwa usahihi ule, hadi kwenye mpangilio wa vidole?

Tangu hapo nimezidi kuwaheshimu wapiga picha wale. N. V. Parekh alifungua studio yake Mombasa mwaka 1942. Huko Mji Mkongwe wa Zanzibar, Ranchhod Oza alikuwa tayari ameianzisha Capital Art Studio tangu 1930. Watu hawa hawakuuza karatasi tu. Walikuwa na subira ya kumsikiliza mteja asiyeweza kusema anachokitaka, wakamgeuza kidevu, wakamsogezea taa mpaka akakiona. Miaka ya 1990, pale Likoni, karibu na feri, wapiga picha wa vibanda walikuwa na mapazia yao wenyewe, yenye meli na ndege na majengo marefu. Anayeyacheka mapazia yale nadhani hajawahi kusimama mahali akitamani sana kuwa kwingine.

Lakini si kila picha iliombwa na aliyemo ndani yake. Mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, studio za Zanzibar, kama ile ya A. C. Gomes, ziliuza pia postikadi kwa wasafiri. Humo wamo wanawake wa pwani hii, na aghalabu chini yao pameandikwa kabila au aina, jina hakuna. Postikadi hizo zilivuka bahari na kuingia katika nyumba za watu ambao hawangefika huku kamwe, na kwa wengi wao sisi tulianzia pale. Huwa nawatazama wanawake wale kwa muda mrefu. Natafuta dalili kwamba mmoja wao alichagua kitu, hata kama ni namna ya kushika ushungi tu. Wakati mwingine nadhani nimeiona. Wakati mwingine naogopa kwamba ni mimi niliyeitia kwa kuitamani.

Hata vifaa vyenyewe vilikuja na matakwa yake. Filamu za rangi zilipoenea, maabara zilipima rangi kwa kadi za kampuni ya Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, ambaye mafundi walimwita Shirley. Uso wake ukitoka vizuri, mashine imetulia. Katika picha zetu za darasa zilizosafishwa enzi zile, mashati meupe yanang'aa na nyuso za baadhi yetu zimezama gizani, yamebaki macho na meno. Tulizikubali. Tulidhani ndivyo tulivyo mbele ya kamera, na sijui dhana ile imekaa ndani ya wangapi kati yetu hadi leo.

Kisha ipo Korem. Mwezi Oktoba mwaka 1984, Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, alipiga picha katika kambi ya wenye njaa pale Korem, kaskazini mwa Ethiopia. BBC ilizionyesha tarehe 23 pamoja na maelezo ya Michael Buerk, na vituo vingi vya televisheni duniani vikazirusha. Watu walilia mbele ya televisheni zao, wakachanga. Julai 1985 likafanyika tamasha la Live Aid, London na Philadelphia, na fedha nyingi zikapatikana. Wapo walio hai leo kwa sababu kamera ile ilikuwapo pale. Nalisema hili kwanza kwa sababu nimewahi kuwasikia watu wakizilaumu picha zile kwa wepesi unaoniumiza.

Hata hivyo, picha zile zilinifundisha pia kutoijua Ethiopia. Jina la nchi ile likitajwa, kwa miaka mingi nilikuwa na taswira moja tu: ardhi kavu, shuka, mama na mtoto. Vita vilivyokuwa vikiendelea kaskazini, na serikali iliyotumia njaa kama silaha, havikuonekana usoni mwa mtoto yule, na mimi sikuvitafuta. Nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba Korem ni mji wa nyanda za juu, na kwamba karibu yake kuna ziwa, Ziwa Ashenge. Jambo dogo, lakini lilinisimamisha. Ziwa lilikuwapo siku zote.

Hapo ndipo nilipofikia, nikadhani nimeelewa: picha aliyoiomba mtu mwenyewe inamwachia heshima yake, na picha aliyopigwa tu humpunguza. Ningependa kanuni hiyo isimame. Haijasimama, na sababu ni mjomba wangu.

Mjomba anaumwa figo. Anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, na gharama imetushinda tuliobaki nyumbani. Ndugu wengine wako Muscat, wengine Toronto. Tukaamua kuwaarifu kwenye kundi letu la WhatsApp. Nilipotoa simu nimpige picha, alininyoshea mkono nisubiri. Akaomba kanzu iliyopigwa pasi, akaomba kofia yake na kiti kiletwe barazani kwenye mwanga, akakaa wima kwa nguvu nisizojua alizitoa wapi. Ilikuwa picha nzuri. Shangazi angeielewa. Nikaituma, na majibu yakaja upesi: "Mashaallah, mzee amenawiri." "Alhamdulillahi, naona anaendelea vyema." Mchango haukuja.

Mama aliniambia nipige nyingine, amelala, miguu iliyovimba ionekane, mpira wa dawa uonekane. Mama anampenda kaka yake kuliko ninavyompenda mimi, na alisema hivyo kwa sababu ya kumpenda. Nilikwenda kumuuliza mwenyewe. Alinyamaza kitambo, akasema, "Waandikie. Maneno yanatosha."

Nikaandika. Nilieleza maradhi, siku za kusafishwa damu, kiasi kinachohitajika. Wawili wakapiga simu usiku ule ule na kutuma walichoweza. Binamu mmoja, mtu mwema ambaye sina sababu ya kumdhania vibaya, aliandika kwa kifupi: tutumie picha tuone hali yake. Mjomba hajui kwamba nimeombwa, na mimi sijamjibu binamu.