Tandale: Kinanda chumbani, jirani ukutani

UKISHUKA kwenye mwendokasi Manzese ukitokea mjini, ukakata kulia na kuulizia Tandale, hutahitaji kuelekezwa mara mbili. Fuata magunia. Maharage, mahindi na mchele wa mikoani hushushwa Tandale Sokoni, na kutoka hapo vichochoro vinakupeleka Mtogole, Kwa Tumbo na Pakacha. Nyumba zimebanana kiasi kwamba jirani akikohoa usiku, unampa pole ukiwa kitandani kwako.

Katika mitaa hii, pamoja na ya jirani ya Manzese na Mburahati, ndimo ilimokulia singeli. Fundi anachukua kipande kifupi cha taarabu, anakirudiarudia na kukikimbiza hadi mapigo 200 na zaidi kwa dakika, kisha mwimbaji anamwaga maneno juu yake. Muziki huo ulipata nguvu kwenye vigodoro, zile sherehe za kukesha mtaani ambazo viongozi wamekuwa wakizikemea. Hata hivyo, mwaka 2017 kazi za studio ya Sisso ya Mburahati zilitolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na singeli ikaanza kusikika kwenye majukwaa ya Ulaya.

Kwa hiyo mtoto wa Tandale akiomba kinanda, mzazi anabaki na maswali mawili: masomo yatakuwaje, na majirani watalalaje? Wengi humaliza mjadala kwa neno moja: uhuni. Wengine huongeza kwamba kinachotoka kwenye waya si muziki, ni kelele za mashine.

Hoja hiyo ni ya zamani. Zaidi ya miaka 100 iliyopita Mrusi Leon Theremin alitengeneza ala ya umeme iliyopewa jina lake, theremini, akapata hataza yake Marekani mwaka 1928. Hupigwa bila kuguswa. Mkono mmoja ukisogea karibu na antena iliyosimama, sauti inakuwa nyembamba. Mkono wa pili, karibu na antena iliyopinda, unapunguza ukubwa wa sauti. Haina funguo wala nyuzi za kushika, hivyo asiye na sikio zuri hutoa kilio tu. Clara Rockmore, aliyekuwa amesomea fidla tangu utotoni, aliipiga hadi kwenye kumbi za muziki wa heshima. Umeme haukumpunguzia mazoezi.

Kinanda cha Tandale ni hivyo hivyo, na gharama yake si lazima itishe. Kinanda kidogo cha mtumba kinatosha kuanzia, alimradi vitufe vyote vinalia na tundu la hedifoni ni zima. Kikague dukani kitufe kwa kitufe kabla ya kutoa hela. Kompyuta yenye programu kama FL Studio inaweza kuja baadaye. Ukiviunganisha na ukasikia sauti inachelewa baada ya kubonyeza, kinanda si kibovu. Ni mpangilio wa sauti ndani ya kompyuta unaohitaji kurekebishwa.

Kwa wanaoishi karibu na Mto Ng'ombe, weka vyombo juu ya meza imara na soketi ya waya iwe juu ya ukuta, isiwe sakafuni. Masika hayapigi hodi.

Kujifunza kuna mtego wake. Vijana hutaka kuanza na kasi ya singeli siku ya kwanza. Mwalimu mzuri atamrudisha kwenye mapigo 60 kwa dakika, mkono wa kulia peke yake, kisha wa kushoto, kisha yote miwili. Kasi huongezwa kidogo kidogo, pale tu vidole vinapoacha kujikwaa. Vinanda vingi pia vina kitufe cha kupandisha na kushusha ufunguo wa wimbo. Kinasaidia, lakini anayekitegemea mapema hujua ufunguo mmoja tu maisha yake yote.

Mzazi naye ana kazi yake. Dakika 30 kila siku baada ya kazi za shule zina faida kuliko saa tano za Jumamosi. Jioni ni hedifoni, na sauti yake iwe ya chini, maana masikio yakiharibika hayana fundi. Spika ziwe za mchana, na jirani aambiwe mapema. Muulize mtoto kila wiki akupigie alichojifunza. Usipojua nyimbo, utajua kama wiki hii anajikwaa kidogo kuliko ile iliyopita.

Nyumba inayokataza kinanda haimzuii mtoto kuufuata muziki. Inamwachia aufuate kwenye kigodoro, usiku, asikoonekana na mzazi wake. Kinachopigwa chumbani angalau mama anakisikia.